Sura ya Sita: Kipindi cha Eneokazi, Kinapoanzia na Kinapoishia

Kompyuta inayoendeshwa na Linux inapowashwa, na skrini yake ikatulia kwenye kisanduku kinachodai jina na nywila, mtazamaji huona kana kwamba mashine ndiyo kwanza inaanza kazi, ilhali wakati huo makumi ya programu zimekwisha kuamka, diski zimekwisha kukaguliwa, mtandao pengine umekwisha kuunganishwa, na kiini cha mfumo, yaani programu ya msingi inayosimamia kumbukumbu na vifaa, kinaendesha shughuli hizo zote bila kumhitaji mtu yeyote aliyeketi mbele yake. Kinachokosekana ni kipindi. Katika sura hii neno hilo linasimama kwa maana ya muda wote tangu mtumiaji anapotambuliwa na mfumo hadi anapoondoka, pamoja na kila programu iliyofunguliwa kwa jina lake, kila kifaa alichokabidhiwa na kila ruhusa aliyopewa ndani ya muda huo. Mtu huyaona madirisha, picha ya usuli na kishale cha kipanya, lakini kipindi chenyewe hakioni. Na kwa kuwa hakionekani, kinapoharibika watu wengi hudhani kompyuta nzima imeharibika, wakaufuta mfumo na kuusimika upya, kumbe kilichokuwa kimeharibika ni faili moja ndogo isiyojaza hata mstari wa daftari.

Asili ya dhana hii ni Unix, mfumo ulioanza kuandikwa mwaka 1969 katika maabara za Bell nchini Marekani, enzi ambayo kompyuta moja ilitumiwa na watu wengi kwa pamoja kupitia teminali, yaani vituo vyenye kibodi na karatasi ya kuchapia, na baadaye skrini. Wengine waliunganishwa kwa laini ya simu, na laini ilipokatika mfumo ulipeleka ishara maalumu kwa programu zote za mtu huyo kuziarifu kwamba mwenyewe ameondoka. Ishara hiyo bado inaitwa SIGHUP, jina linalotokana na kitendo cha kukata simu, na bado hutumwa kila siku katika kompyuta za mkononi ambazo hazijapata kuunganishwa na laini ya simu hata mara moja. Linus Torvalds alipoanza kuandika Linux mjini Helsinki mwaka 1991, aliufuata mwenendo huo wa Unix, na pamoja nao akaurithi msimamo wake kwamba hakuna kinachotendeka ndani ya kompyuta pasipo mtumiaji fulani kuwa mwenye dhamana ya kitendo hicho.

Madirisha yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1984, katika chuo cha MIT nchini Marekani, Robert Scheifler na Jim Gettys walianza kuunda mfumo wa madirisha uliopewa jina la herufi moja tu, X, na toleo lake la 11, lililotoka mwaka 1987, ndilo ambalo programu za Linux zimelitegemea kwa miongo kadhaa. X ni seva, maana yake ni programu inayowahudumia wengine: huishika skrini, kibodi na kipanya, kisha hupokea maombi kutoka kwa programu zinazotaka kuchora. Yenyewe haina menyu, haina saa, haina hata fremu ya kulishikia dirisha, kiasi kwamba mtu akiianzisha peke yake huletewa skrini tupu yenye kishale cha kipanya na hana la kufanya. Kwa hiyo lazima pawepo maelekezo yanayosema, baada ya X kusimama, nani aitwe na kwa utaratibu gani, na maelekezo hayo ndiyo mbegu ya kila kipindi cha eneokazi kilichopo leo.

Njia kongwe ya kuyatoa, ambayo bado inafanya kazi, ni amri ya startx. Mtumiaji huingia kwanza katika skrini ya maandishi matupu, akaandika neno hilo, nayo startx huianzisha X na kwenda kusoma faili iitwayo .xinitrc katika folda ya nyumbani ya mtumiaji, nukta iliyo mwanzoni mwa jina ikiwa ndiyo inayoificha faili isionekane katika orodha ya kawaida. Mfano wa faili hiyo uliosambazwa pamoja na X kwa miaka mingi unastahili kutazamwa kwa makini. Kiini chake ni mistari mitano: wa kwanza unaita twm, programu ya kuyapa madirisha fremu na kuyasogeza; wa pili unafungua saa; wa tatu na wa nne kila mmoja unafungua dirisha la teminali; na yote minne inaishia kwa alama ya &, ambayo huiambia sheli, yaani programu inayopokea na kutekeleza amri, kwamba iendelee mbele bila kungoja. Mstari wa tano unafungua teminali nyingine iliyopewa jina la login, nao hauna alama hiyo; badala yake unatanguliwa na neno exec, linalomaanisha kwamba programu inayoitwa iichukue nafasi ya hati yenyewe.

Tofauti hiyo ndogo ndiyo inayoamua kila kitu. Saa ikifungwa, kipindi kinaendelea. Twm ikifa, madirisha hupoteza fremu zake na hayasogei tena, lakini kipindi bado kipo na kazi iliyofunguliwa bado ipo. Ila teminali ile ya mwisho ikifungwa, hati imekwisha, startx inaona kwamba programu iliyokuwa ikiingoja imeondoka, X inazimwa, na kila dirisha lililosalia linatoweka papo hapo, haidhuru lilikuwa na barua iliyokwisha kuhifadhiwa au la. Kipindi, kwa hesabu hii, ni uhai wa programu moja iliyoteuliwa. Mazingira ya kisasa kama KDE, iliyoanzishwa na Matthias Ettrich mwaka 1996, na GNOME, iliyoanzishwa na Miguel de Icaza na Federico Mena mwaka 1997, yana programu mahususi kwa ajili ya cheo hicho, nayo huzaa nyingine zote: paneli, meneja wa faili, kengele za taarifa, sauti. Mtu aliyewahi kuandika .xinitrc yake kwa mkono, hata mara moja tu, hababaishwi na wingi huo, kwa sababu anajua pa kuanzia kutafuta.

Hata hivyo watumiaji wengi hawaandiki startx, kwa kuwa wanapowasha kompyuta wanamkuta bawabu. Jina la kitaalamu la programu hii ni meneja wa onyesho, lakini kazi yake ni ya bawabu hasa: hukaa mlangoni kabla mtu hajafika, humuuliza jina na nywila, humfungulia, kisha hubaki palepale hadi mtu huyo atoke, akaulinda mlango upya. Bawabu wa kwanza wa X alikuwa xdm, aliyeandikwa na Keith Packard mwaka 1988, na aliyekusudiwa hasa teminali za X, vifaa vya skrini na kibodi vilivyotegemea kompyuta kubwa iliyo chumba kingine. Leo GNOME ina GDM, KDE huambatana na SDDM, na LightDM, iliyobuniwa na Robert Ancell, imeenea katika mazingira mepesi kama Xfce, ambayo yanafaa kwa kompyuta zenye kumbukumbu ndogo.

Nywila inapoandikwa, bawabu hana uwezo wa kuihukumu mwenyewe. Huikabidhi kwa PAM, mpangilio wa moduli za utambuzi ulioelezwa kwa mara ya kwanza na wahandisi wa Sun Microsystems mwaka 1995, ambao kila programu inayotaka kumtambua mtu huuegemea badala ya kubuni njia yake. PAM nayo hulinganisha kilichoandikwa na kilichomo katika faili ya /etc/shadow, ambamo nywila yenyewe haimo, bali limo umbo lake lililosagwa kwa hesabu isiyorudi nyuma, kama vile unga usivyoweza kurudishwa kuwa mahindi. Kinachosagwa upya na kulinganishwa ni nywila iliyoandikwa sasa hivi, na unga ukifanana na unga, mtu ametambuliwa. Baada ya hapo moduli nyingine hufungua kipindi rasmi, huweka mipaka ya matumizi, na katika mifumo mingi huufungua pia mkoba unaotunza nywila za mtandao na barua pepe, jambo linaloeleza kwa nini mtu aliyeruhusu kompyuta imwingize moja kwa moja bila kuulizwa nywila husumbuliwa baadaye na kisanduku kinachomtaka aufungue mkoba huo.

Katika pembe ya skrini ya bawabu mara nyingi kuna alama ndogo ya gia au jina la mazingira, nayo watu wengi huipita pasipo kuijua. Hapo ndipo mtumiaji huchagua aina ya kipindi. Orodha inayofunguka haikuandikwa ndani ya bawabu, bali inasomwa kutoka katika folda mbili, /usr/share/xsessions na /usr/share/wayland-sessions, ambamo kila mazingira yaliyosimikwa huacha faili fupi ya maandishi yenye mstari wa Name, unaotoa jina la kuonyeshwa, na mstari wa Exec, unaotaja programu itakayokabidhiwa kipindi. Hii ni .xinitrc ile ile iliyovaa kanzu ya heshima. Kompyuta moja inaweza kuwa na GNOME, KDE na Xfce kwa pamoja bila ugomvi, na mtu akaingia asubuhi katika moja na jioni katika nyingine, faili zake zikiwa zile zile.

Lugha nayo hufungamanishwa na kipindi, jambo ambalo linawahusu wasomaji wa Kiswahili moja kwa moja. Kila kipindi hurithi vigeu vya mazingira, yaani majina yenye thamani ambayo programu huyasoma zinapoanza, na kimoja kati ya hivyo huitwa LANG. Thamani yake ikiwa sw_TZ.UTF-8 au sw_KE.UTF-8, programu iliyotafsiriwa hujifungua kwa Kiswahili, na isiyotafsiriwa hubaki na maneno yake ya asili, ndiyo maana skrini moja huweza kuchanganya lugha mbili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ulioendeshwa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wataalamu wa Uswidi, ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi kwa Kiswahili, ukithibitisha kwamba kazi hiyo inawezekana na kwamba msamiati upo. Ni haki kusema kwamba tafsiri ya eneokazi zima ilistahili juhudi za kudumu zaidi kuliko ilizopata, maana mtoto anayejifunza kompyuta kwa lugha anayoifikiria huelewa anachokifanya, wala hakariri mahali pa kubofya tu.

Baada ya mlango kufunguliwa, swali linalofuata ni nani anaweka kumbukumbu kwamba fulani yumo ndani. Katika mifumo mingi ya leo kazi hiyo ni ya logind, sehemu ya systemd, mradi ulioanzishwa mwaka 2010 na Lennart Poettering na Kay Sievers. Ukiandika amri ya loginctl katika teminali, hurejesha jedwali dogo lenye namba ya kipindi, namba ya mtumiaji, jina lake, kiti chake na teminali yake. Kiti ni neno lililochaguliwa kwa busara: humaanisha mkusanyiko wa skrini, kibodi, kipanya na spika ambao mtu mmoja hukaa mbele yake, na kila kompyuta yenye skrini ina angalau kimoja kiitwacho seat0. Mtu aliyeingia kwa mbali kupitia mtandao anacho kipindi, lakini hana kiti, na kwa sababu hiyo hapewi kipaza sauti wala kamera ya mashine ambayo mtu mwingine ameketi mbele yake. Kabla ya utaratibu huu kukamilika, ruhusa za vifaa ziligawiwa kwa makundi ya kudumu, na aliyewekwa katika kundi la sauti aliweza kusikiliza kipaza sauti hata akiwa mji mwingine.

Watu wawili wanapotumia kompyuta moja kwa zamu bila mmoja kufunga kazi yake, kila mmoja huwa na kipindi chake kilicho hai, lakini kimoja tu huhesabiwa kuwa kimekalia kiti. Kuhama hufanywa kwa kuchagua jina jingine kwenye menyu ya kutokea au kwa kubonyeza Ctrl, Alt na kitufe kimojawapo cha F, kwa kuwa kiini hugawa skrini katika teminali pepe kadhaa; palipo na GDM kwa kawaida F1 humrudisha mtu kwa bawabu, F2 hubeba kipindi cha kwanza, na kuanzia F3 hupatikana skrini za maandishi matupu. Anayeziogopa skrini hizo za maandishi hujinyima chombo cha kujiokolea.

Mfano bora wa wokovu huo ni hitilafu inayowasumbua watu wengi: mtu anaandika nywila sahihi, skrini inakuwa nyeusi kwa sekunde moja au mbili, kisha bawabu anarudi kumuuliza nywila tena, na tena, bila kusema kosa ni lipi. Nywila ikiwa si sahihi bawabu husema hivyo waziwazi. Kwa hiyo ukimya wake ni ushahidi kwamba utambuzi umefaulu na kilichokufa ni kipindi, ambacho kilizaliwa na kufa ndani ya sekunde hiyo. Mtu anapobonyeza Ctrl, Alt na F3, akaingia kwa jina na nywila ile ile, hujikuta ndani, jambo linalothibitisha hilo. Hatua ya kwanza hapo ni amri ya df -h, inayoonyesha nafasi iliyobaki kwenye diski, kwa sababu diski iliyojaa hukizuia kipindi kuandika faili zake za mwanzo. Ya pili, pale ambapo kipindi ni cha X, ni ls -l .Xauthority. Faili hii hutunza namba ya siri yenye biti 128 ambayo kila programu lazima iionyeshe kwa X kabla ya kuruhusiwa kuchora, na ikiwa mtu aliwahi kufungua programu ya madirisha kwa mamlaka ya mtumiaji mkuu, aitwaye root, huenda faili ikawa imebadilishiwa mmiliki: pale palipostahili jina lake pameandikwa root. Mwenye nyumba amefungiwa ufunguo wake ndani ya sanduku la mwingine. Amri ya sudo chown, ikifuatwa na jina lake na jina la faili, humrudishia umiliki, na kuingia kunakofuata hufaulu. Pasipo na sababu hizo mbili, journalctl -b husoma kumbukumbu zote tangu mashine ilipowashwa, na aliyeua kipindi huwa ametajwa humo.

X haikubuniwa kwa ajili ya dunia ya leo. Ndani ya kipindi chake, programu yoyote iliyokwisha kuonyesha namba ile ya siri inaweza kusoma vitufe vinavyobonyezwa katika dirisha la programu nyingine na kupiga picha ya skrini nzima, na hata kifunga skrini ni dirisha tu lililowekwa juu ya mengine, hivi kwamba likianguka kwa hitilafu, eneokazi lote hubaki wazi mbele ya yeyote anayepita. Wayland, iliyoanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, iliondoa udhaifu huo kwa kuiunganisha seva na meneja wa madirisha kuwa programu moja, ambayo haimwonyeshi yeyote dirisha lisilo lake. Na katika utaratibu wake maalumu wa kufunga skrini, kifungaji kikifa, skrini hubaki imefungwa. Fedora iliifanya Wayland kuwa chaguo la kawaida la GNOME katika toleo la 25, mwaka 2016. Lakini kuunganisha huko kuna gharama: twm ilipokufa madirisha yalisalimika, ilhali programu kuu ya Wayland ikianguka, mara nyingi kipindi chote huanguka pamoja nayo. Mtumiaji anayetaka kujua yuko upande upi huandika echo $XDG_SESSION_TYPE, na jibu huwa x11, wayland, au tty kwa aliye katika skrini ya maandishi matupu.

Kutoka ndiko kulikozua mabishano makali kuliko kuingia. Anayechagua kuondoka hutarajia programu zake zote zifungwe, lakini programu inaweza kujitenga na mzazi wake makusudi ikaendelea kuishi, na kwa miaka mingi hapakuwa na daftari la kuaminika la nani ni wa kipindi kipi. Systemd ilipata daftari hilo kwa kutumia makundi ya michakato yanayosimamiwa na kiini chenyewe, ambamo mtoto hurithi kundi la mzazi wake na hawezi kulikwepa kwa kujitenga tu. Mwaka 2016, katika toleo la 230, watunzi wake waliamua kwamba tangu hapo kila kilichobaki baada ya mtu kutoka kiuawe, na hasira zikawaka, kwa sababu watafiti na wasimamizi wa seva walikuwa wamezoea kuacha hesabu ndefu ndani ya tmux au screen, programu zinazotunza teminali hata mwenyewe akienda kulala, na ghafla kazi za usiku kucha zikawa hatarini kupotea. Waliolalamika walikuwa na haki: kufunga mlango ni jambo jema, ila desturi ya miongo haiondolewi usiku mmoja. Mifumo kadhaa, Debian ikiwemo, iliuzima uamuzi huo, na anayehitaji kazi zake zisalie katika mfumo unaoufuata hutumia loginctl enable-linger, kibali kinachouruhusu mfumo kumtunzia michakato hata akiwa hayupo, na kuziendesha kazi hizo nje ya kipindi chake.

Mtu anapoondoka kwa utaratibu, msimamizi wa kipindi, yaani ile programu iliyokabidhiwa kipindi, huziuliza kwanza programu zilizofunguliwa kama zina kazi ambayo haijahifadhiwa, na ndiyo sababu kisanduku cha mhariri wa maandishi hujitokeza wakati wa kutoka. Zinazosalia hutumiwa ishara ya SIGTERM, ambayo ni ombi la kufunga kwa hiari, na zisipoitikia kwa muda uliowekwa, mara nyingi sekunde 90, hufuata SIGKILL, ambayo haina rufaa. Umeme unapokatika hakuna hata moja ya hatua hizo inayofanyika; mfumo wa faili wa ext4 hutumia jarida lake kuurudisha mpangilio wa diski katika hali ya usalama, lakini aya iliyokuwa kwenye kumbukumbu haiwezi kuirudisha. Kusinzisha mashine ni jambo tofauti, kwani kipindi hubaki kizima ndani ya kumbukumbu inayolishwa umeme kidogo, na kulaza kabisa huiandika kumbukumbu yote kwenye sehemu ya diski iitwayo swapu, ambayo lazima iwe na nafasi ya kuitosha.

Mchakato wa mwisho unapokwisha, logind hukifuta kipindi katika jedwali lake, na kama mtumiaji hana kingine, hungoja kidogo kisha huiondoa folda ya /run/user/1000, namba 1000 ikiwa ndiyo anayopewa kwa kawaida mtumiaji wa kwanza wa kompyuta. Folda hiyo iliishi ndani ya kumbukumbu, haikugusa diski, na haikusomwa na mtumiaji mwingine isipokuwa root; humo ndimo programu zake zilimokuwa zikikutana na kupeana taarifa tangu alipoingia. Kamera, spika na kibodi hurudi mikononi mwa bawabu, naye huchora upya kisanduku chake na kumngoja atakayeketi.